Kabla Hujalipia Jina

Mwanangu, fedha ya tumbaku imeingia, na najua moyo wako umeshatangulia dukani. Umeniambia unataka kufungua stesheneri pale Isikizya, jirani na ofisi za wilaya. Uwachapie watu barua, uwatolee kopi, uwasaidie vijana wenzako kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu. Wazo ni zuri. Isikizya ndiyo makao makuu ya Uyui sasa, na mtu anayetoka kijijini na karatasi zake anastahili kuhudumiwa papo hapo, asilipe nauli ya kwenda Tabora mjini kwa sababu ya ukurasa mmoja. Sikuzuii. Naomba tu unisikilize kabla hujatoa hela.

Kilichonitia wasiwasi ni namna ulivyoisema hiyo kompyuta. Hukuniambia itafanya kazi gani, wala nani ataitengeneza ikiharibika. Uliniambia jina lake. Kisha ukataja jina la kompyuta anayoitaka mwenzako, yule naye anayetaka kufungua stesheneri, ukabetua mdomo. Ninyi vijana nawasikia mkikaa chini ya mwembe. Huyu wa HP, huyu wa Dell, yule anaapa kwamba asiye na Apple hajaona kompyuta. Mnabishana kama Simba na Yanga. Lakini mwanachama wa Yanga ana kadi, na siku ya mkutano mkuu anaweza kusimama akauliza. Wewe kwenye hizo kampuni una kadi gani?

Ugomvi huo hamkuuanzisha ninyi. Ulitengenezwa mbali, ukagharimiwa fedha nyingi, ukatufikia ukiwa umeshaiva. Nitakusimulia, maana mtu akijua ubishi ulikotoka huchoka nao mapema.

Apple ilianzishwa Marekani mwaka 1976. IBM, kampuni kubwa ya mashine za ofisini, ilitoa kompyuta yake ya mtu binafsi Agosti 1981. Apple ikanunua ukurasa mzima wa gazeti kuikaribisha sokoni. Ilikuwa njia ya kuwaambia wasomaji kwamba hawa wawili sasa wako kiwango kimoja. IBM nayo watu walikuwa wakiiona kama kampuni ya wakubwa wa suti na tai. Kwa hiyo kwenye matangazo yake ikamweka mwigizaji aliyevaa kama yule mzururaji wa Charlie Chaplin, na kofia yake na mkongojo wake, ili ionekane mpole na ya watu wa kawaida.

Halafu ikaja Januari 1984. Siku ya fainali ya mpira wao wa Kimarekani, saa ambayo mamilioni ya watu wako mbele ya televisheni, Apple ilionyesha tangazo lililoongozwa na mtengeneza filamu Ridley Scott. Watu wa rangi ya kijivu wameketi safu kwa safu, wanatazama uso mkubwa unaowahubiria. Anaingia mwanamke mbio, mkononi ana nyundo. Anairusha, skrini inapasuka. Ndipo inatajwa tarehe 24 Januari, siku ambayo Macintosh ingetolewa. Basi. Kompyuta yenyewe haikuonyeshwa ikifanya kazi hata mara moja. Mtazamaji hakuambiwa ina uwezo gani, wala kwamba ingeuzwa dola 2,495. Aliachwa ahisi kwamba akiinunua atakuwa mtu huru, na asiyeinunua atabaki kwenye zile safu.

Hapo nataka utulie kidogo, mwanangu. Tangazo la namna hiyo linakuuzia wewe mwenyewe. Linakuonyesha wewe aliye bora kuliko jirani yako, kisha linakuambia bei. Ndiyo maana ubishi wenu una hasira ndani yake. Mtu akiisema vibaya kompyuta yako unahisi amekusema wewe.

Kuanzia 2006 hadi 2009 Apple ilikuwa na matangazo mengine yaliyopendwa sana. Wanaume wawili wamesimama mbele ya ukuta mweupe. Mmoja kijana, mavazi ya kawaida, ndiye Mac. Mwingine ana suti na miwani, kila mara ana shida, mara kaugua virusi, mara kakwama. Huyo ndiye PC, yaani kompyuta za kampuni nyingine. Watu walicheka, wakanunua. Lakini mwaka huohuo wa 2006 Apple ilianza kuweka kwenye kompyuta zake prosesa za Intel, kampuni ileile iliyokuwa ikizitengenezea prosesa kompyuta nyingi za hao waliochekwa. Na yule kijana wa mavazi ya kawaida, mwigizaji Justin Long, mwaka 2021 alitokea kwenye matangazo ya Intel akiusifia upande wa pili. Simlaumu. Alikuwa kazini, amelipwa mara zote mbili. Waliobishana kwa ajili yake ndio hawakulipwa kitu.

Liko jambo jingine ambalo kila nikilikumbuka linanihuzunisha kidogo. Agosti 1997, Apple ikiwa na hali mbaya ya fedha, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, alisimama jukwaani mjini Boston akatangaza kwamba Microsoft, wenye programu ya Windows, itaweka dola milioni 150 kwenye Apple. Uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, ukatokea kwenye skrini kubwa, na watu ukumbini wakazomea. Walikuwa wamezoezwa kwa miaka kumwona mtu yule kama adui, na sasa anakuja na fedha za kuwasaidia. Waliozomea ni wapenzi na wanunuzi. Wenye kampuni walikuwa wameshakaa mezani, wamesaini.

Majina yenyewe hayadumu. Nilipoanza kuzijua kompyuta, Compaq lilikuwa jina la kutajwa kwa heshima. Mwaka 2002 ilinunuliwa na HP, na leo nikilitaja unaniuliza ni nini. IBM iliuza biashara yake ya kompyuta ndogo kwa Lenovo ya China mwaka 2005. Kompyuta zake za ThinkPad zikaendelea kutoka, zikiwa za mwenye mali mwingine. Ziko pia kampuni za Taiwan kama Quanta na Compal, ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia. Kwa miaka mingi zimekuwa zikiunda kompyuta mpakato za chapa zinazoshindana, kwenye viwanda vyao huko China, kisha kila moja inabandikwa jina lake na kwenda sokoni kugombana na mwenzake.

Usidhani hayo ni ya watu wa mbali tu. Mfukoni mwako kuna Tecno. Dada yako ana Infinix, na mdogo wenu anaona aibu kutoa itel yake mbele ya wenzake. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen. Hela ya anayeringa na hela ya anayeona aibu zinaingia mfuko mmoja, na mtoto analia bure.

Wala barabara yetu hii haikuanza leo kupitisha bidhaa zenye majina. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mali ilikuja kwa mabega ya watu kutoka pwani, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Kitambaa kilichotafutwa kuliko vyote kilikuwa merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Zanzibar na meli za bandari ya Salem. Sayyid Said, aliyetawala Zanzibar, alikuwa ametiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Waingereza walijaribu kukiiga kitambaa hicho, na kwa miaka mingi wanunuzi wa bara wakaendelea kutaka kile cha Marekani kwa sababu kilikuwa imara. Ilipokuja vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, pamba ikapungua, ndipo vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikapata nafasi kubwa.

Ushanga ulikuwa na mambo yake. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh, yaani hapa Tabora, mwaka 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina za ushanga zipatazo 400, na kila nchi ilikuwa na yake inayoipenda kwa wakati wake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi iliyokwisha kupitwa aliweza kukwama njiani na mizigo yake yote, asipate hata chakula cha wapagazi. Nayapenda haya mawili yakae pamoja kichwani mwako. Kwenye kitambaa babu zetu waliangalia uimara. Kwenye ushanga walifuata rangi ya msimu. Na walikuwa watu walewale. Pambo lina furaha yake, sikunyimi. Ila siku unaponunua kitendea kazi, mwachie yule wa kitambaa ndiye achague.

Mimi nilisoma Chuo cha Uhazili hapahapa Tabora. Tulifundishwa hatimkato, na kupiga taipureta kwa vidole kumi bila kuvitazama. Mwalimu alitufunika mikono kwa kitambaa. Kompyuta hatukuiona. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, hiyo ni sababu moja. Sababu nyingine ilikuwa uchungu. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965. Baadaye hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye mashine mpya, kubwa zaidi, na kazi ikavurugika, ikaleta hasara. Wataalamu wa kuielewa mashine ile walikuwa wageni.

Siku hizi watu wanalisema vibaya agizo lile, na kweli lilikuwa zito mno. Lilituchelewesha. Vijana wa nchi jirani walikuwa wanajifunza, sisi tunabadilisha utepe wa taipureta. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa la haki kabisa: ikiharibika, nani kati yetu ataitengeneza?

Nililijua swali hilo. Na zamu yangu ilipofika, sikuliuliza.

Kompyuta zilipoanza kuenea Tabora, nilikuwa na kibanda cha kuchapa mjini. Nilikifungua jioni baada ya kutoka ofisini. Mama mmoja tuliyesoma naye chuo alikuwa na kibanda chake mlango wa pili. Mimi nilikopa kwenye chama cha kuweka na kukopa. Nilikuwa nimeona picha kwenye gazeti, kompyuta ya kampuni yenye sifa, na mbele yake ameketi mwanamke aliyevaa vizuri, meza yake haina hata karatasi moja. Nilitaka kuwa yule mwanamke. Sitalitaja jina la kampuni, maana mashine haikuwa mbaya. Mwenzangu alinunua boksi la kuunga vipande vipande. Skrini rangi yake, kasha rangi yake, jina halina. Nikamwambia, tena mbele ya wateja, kwamba amenunua mabati.

Umeme wa siku hizo ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo. Jioni moja ulirudi, na kompyuta zetu zote mbili zikanyamaza. Fundi akafungua ile ya mwenzangu, akachomoa kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme, akaweka kingine alichokitoa kwenye mashine iliyokufa. Ikawaka. Akaja kwangu. Kisanduku cha kompyuta yangu kilikuwa na umbo lake peke yake, hakikuingiliana na cha mashine nyingine yoyote. Tabora hakipo. Mwanza hakipo. Dar es Salaam wakasema kiagizwe nje. Nikaifunika kompyuta kwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, nikakaa kusubiri, na mkopo ukaendelea kukatwa kwenye mshahara.

Mwanangu, kununua vibaya kunaweza kumpata mtu yeyote. Kosa langu hasa ni lililofuata. Watu waliponiuliza habari za ile kompyuta, nilizidi kuisifu. Nilisema hiyo ndiyo kompyuta ya kweli, shida ni mafundi wa hapa hawajui kitu. Niliwavunjia heshima vijana waliokuwa wakifanya kazi ngumu kwa bisibisi moja. Baadaye nilijiuliza sana kwa nini nilisema vile. Nadhani mtu akishatoa fedha nyingi kwa ajili ya jina, kulikana lile jina ni kukiri kwamba fedha imepotea. Kwa hiyo unalitetea, na kadiri lilivyokuumiza ndivyo unavyopaza sauti. Nikikusikia unabishana kwa hasira kuhusu kompyuta ambayo hata hujainunua, naogopa itakuwaje ukishainunua.

Yule mwenzangu alimtuma mwanaye aniambie niende nikachape kwake saa ambazo mashine yake haina kazi. Sikwenda. Kiburi kilinikalia mpaka mkopo ukaisha. Siku nilipokwenda, alinisogezea kiti, wala hakugusia yale mabati. Alinionyesha namna ya kuhifadhi kazi kila baada ya aya, ili umeme ukikatika nisipoteze barua nzima. Ameshatangulia mbele ya haki. Ningependa ungemjua.

Ni kutoka kwake ndiko nilikoelewa kwa nini boksi lake lilitengenezeka. IBM ilipounda kompyuta yake mwaka 1981 ilikuwa na haraka, ikatumia vipande vya watengenezaji wengine. Prosesa ya Intel, programu ya kuiendesha kutoka Microsoft. Vipande hivyo wengine nao waliweza kuvinunua. Compaq, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa kompyuta iliyokubali programu zilezile, na wengi wakafuata. Pole pole viwanda vingi vikawa vinatengeneza vipande vya kipimo kimoja. Hivyo ndivyo fundi wa Tabora alivyoweza kuichukua roho ya mashine moja na kuitia kwenye nyingine. Hakuna tangazo nililowahi kuona likisifia jambo hilo, na kwa mtu wa huku ndilo kubwa kuliko yote.

Sasa twende kwenye ya kwako. Sisemi kompyuta zote ni sawa. Za Apple zimeundwa kwa uangalifu, na kama ungekuwa unahariri filamu kule Dar es Salaam, karibu na fundi wake, ningezungumza mengine. Wewe utachapa barua, utaskani vyeti, utajaza fomu mtandaoni, utawatumia watu barua pepe. Kazi hiyo haihitaji mashine ya kifahari. Inahitaji mashine isiyolala.

Anza na fundi kabla ya duka. Nenda kwa mafundi wa Tabora, zaidi ya mmoja, ukae nao, uwanunulie soda. Waulize ni kompyuta zipi wanazozifungua kila siku, na vipuri vyake wanavipata wapi. Watakutajia, nina hakika, zile za ofisini: Latitude za Dell, EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Ofisi za Ulaya na Marekani huzitumia miaka michache kisha huziuza, na nyingi hupitia Dubai, zikafika Kariakoo, kutoka huko zikapanda huku kwetu. Ziliundwa zifunguliwe. Utaona nimekutajia chapa tatu kwa pamoja, zile mnazogombania, na mimi sijali utachukua ipi kati ya hizo. Jali hali yake.

Ukiona kibandiko kimeandikwa i5, usifurahi bado. Intel imetumia jina hilo tangu 2009, kwa hiyo iko i5 ya zamani sana na iko ya juzi, na kibandiko kinawaita wote jina moja. Tazama namba inayofuata. Ikianza na 2, kama 2520, hiyo ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011. Ikianza na 8, kama 8250, ni ya kizazi cha nane, kilichotoka 2017. Tofauti hiyo ni kubwa kwako, maana Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha nane na kuendelea. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha namba bila kununa.

Hakikisha ina diski ya SSD, si ile ya kuzunguka, kwa maana vumbi letu na mitikisiko ya barabara zetu haviipendi kabisa ile ya kuzunguka. RAM iwe GB 8, au iwe na nafasi ya kuongezwa. Na chunguza kama haijafungwa na ofisi iliyokuwa nayo zamani. Zipo zinazokuja na nywila ya mwenye mali wa kwanza ndani yake, nawe unakuwa umenunua mlango bila ufunguo.

Kuna kitu ambacho hukukitaja kabisa, na ndicho kitakachokula faida yako. Printa. Mnagombania kompyuta, lakini stesheneri inaishi au inakufa kwa wino. Printa nyingi huuzwa kwa bei nafuu ili mwenye kampuni aje apate fedha yake kwenye katriji, kila mwezi, miaka yote. Kabla hujaitazama bei ya printa, uliza bei ya wino wake, inachapa kurasa ngapi, na je wino huo unapatikana Tabora siku ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi watu wamejazana? Printa za matangi, zile unazojaza wino wa chupa, ni ghali kuzinunua, lakini wino wake ni nafuu. Mimi ningepunguza hela kwenye kompyuta niziongeze huko. Hili ningekuwa nalijua zamani, ningesomesha watoto wawili zaidi.

Najua unaona nakuchelewesha. Unasema mwenzako atafungua kabla yako, atachukua wateja. Pengine. Lakini mteja hafuati aliyefungua kwanza. Anamfuata yule aliyemkuta mashine yake inafanya kazi siku ile dirisha la maombi linafungwa usiku. Na huyo mwenzako unayemcheka, ukiniuliza mimi, nenda umsalimie. Mkinunua mashine za aina moja, ya mmoja ikifa itatoa vipuri vya ya mwingine. Mnaweza kuazimana chaja. Mnaweza kugawana fundi akitoka mjini, nauli ikawa nusu kwa nusu. Kampuni zinazotangaza huko mbali zimeshalifanya hilo siku nyingi, zinanunua vipande kwa watu walewale na kukaa meza moja inapobidi.

Hela iache benki wiki hizi mbili. Haitaota miguu. Zungumza na mafundi, zungumza na mwenzako, uliza bei bila kununua, mpaka wenye maduka waanze kukufahamu sura.

Kisha Jumamosi tutaondoka na gari la kwanza, mimi na wewe. Beba flashi yenye barua ndefu na vyeti vilivyoskaniwa. Dukani usitaje jina la kompyuta, mweleze muuzaji kazi. Atakapokuletea mashine, keti, iwashe, fungua ile barua, andika ukurasa mzima kwa vidole vyako, bonyeza kila kitufe mpaka zile alama usizozitumia. Chapa kwenye printa yake. Halafu chomoa chaja na uendelee kuandika, nami nitakaa kwenye benchi na saa yangu niangalie betri inakufikisha wapi. Akisema hatujaribu mpaka tulipe, tutamshukuru, tutavuka barabara twende duka la pili.